Milango Minne

Wiki mbili kabla ya Krismasi, Zenón Tancara alimkalisha mkewe kitako akamweleza pikapu anayoitaka, na akaanzia kwenye tairi la akiba.

"Liwe tairi kweli, Mama Delia. Si la kuchora kwa rangi. Na jeki yake iwepo, na spana ya nati, hata ikiwa ndogo kama ukucha."

Fermina aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anamenya viazi, na alishajua mahubiri haya yatakuwa marefu. Hakuwa anaombwa ushauri. Alikuwa anaagizwa, kwa sababu tarehe ishirini na nne Januari ni Alasita, siku ya soko la vitu vidogo vidogo kule La Paz, na utaratibu unajulikana: unachotaka kukipata kikubwa mwaka huo, unakipata kwanza kidogo. Nyumba ya kukaa kiganjani, gunia la unga la ukubwa wa kidole gumba, cheti cha chuo kinachoingia ndani ya kiberiti. Saa sita kamili mchana kinaombewa, basi, kazi imebaki kwa aliyeomba. Ila hujinunulii mwenyewe. Cha kujinunulia hakiji. Sharti mtu mwingine akinunue, akupe mkononi, na Zenón kwa umri wake wa miaka hamsini na mbili hakuwa na mtu wa kumwamini kwa jambo kubwa hivyo isipokuwa mkewe.

Suala la tairi la akiba lilikuwa na historia yake. Nicanor Yujra, kompadre wao, yaani yule aliyemshika binti yao Delia siku ya ubatizo, alinunuliwa na dada yake kigari cha plastiki mwaka mmoja nyuma. Kilikuwa kizuri, chekundu, lakini hakikuwa na tairi la akiba. Mwezi wa nane Nicanor akapata pikapu ya kweli, mtumba safi kabisa, nayo haikuwa na tairi la akiba. Muuzaji alimwambia hilo atalinunua baadaye. Wiki ya tatu tairi likapasuka huko juu Apacheta, kwenye kilele ambako hata llama, wanyama waliozoea baridi, hawapendi kukaa, na Nicanor akakaa siku mbili akila biskuti alizokuwa amebebeshwa awapelekee watu. Hakuna aliyemlaumu muuzaji. Wote walimlaumu dada, na tangu hapo madereva wa njia ya kijijini kwao Jankohuma wakawa makini kuliko mafundi saa.

Alhamisi iliyofuata walikaa sokoni El Alto, mji ulio juu ya La Paz, mbele ya mabakuli ya supu ya kondoo, wakaijadili pikapu kama vile wabunge wanavyojadili bajeti, ila wao walikuwa hawasinzii.

"Mimi sina makuu," alisema dereva mmoja mnene anayesafirisha kondoo. "Nataka bodi ya kuoshwa kwa ndoo moja ya maji. Kondoo hawana adabu."

"Wewe mwenyewe hujaoga tangu Pasaka, unawasingizia kondoo," Nicanor akamjibu.

"Springi!" Zenón alipiga meza. "Mabamba saba kila upande. Magari ya siku hizi yamewekewa springi za kubebea mikate."

"Hita pia, kompadre."

"Hita ya nini na wewe una poncho?"

"Poncho itanifutia ukungu kwenye kioo? Juzi nimeteremka mlima wote kichwa kiko nje dirishani kama mbwa. Masikio haya mpaka leo siyasikii."

"Na injini isiwe na kompyuta," akasema yule mnene. "Ikizima njiani, niipige nyundo mbili iwake. Kompyuta utaipiga nyundo?"

"Iwe juu. Mto ukijaa mimi nipite, nyie mbaki mkinipungia mkono."

"Bodi iwe ndefu. Magunia ishirini bila kubanana."

"Redio!"

"Eh, redio ndiyo ya kwanza, hata kabla ya injini!"

Fermina alikuwa hatua mbili nyuma yao, amekaa juu ya magunia, anampimia mama mmoja chuño, vile viazi vinavyokaushwa kwa baridi. Alisikia yote. Kwa nusu saa nzima wanaume wale waliunda gari kuanzia bampa mpaka bampa, wakalitia mafuta, wakalipandisha mlima, wakalivusha mto, na ndani yake hakuna aliyepanda zaidi ya dereva. Jambo hilo lilimpita tu wakati ule. Lilimrudia baadaye.

Pikapu yao wenyewe iliitwa Paloma, na ilikuwa kuukuu kiasi kwamba rangi yake ilikuwa ni mjadala. Kebini ilikuwa na nafasi ya watu watatu: dereva na wawili wenye nauli ya mbele. Dari Zenón aliishonea sifongo nene na mahameli nyekundu yenye vishada, ili joto lisitoke, na kila aliyepanda mbele aliisifia. Fermina alikuwa haijui vizuri dari hiyo. Yeye alipanda nyuma, juu ya mzigo, kwa miaka kumi na tisa. Alilinda magunia, alikusanya nauli za wa nyuma, na mtu akitaka kushuka aligonga paa la kebini mara mbili.

Mara nyingine gari lilisimama. Mara nyingine halikusimama. Miaka kumi na moja iliyopita upepo ulimvua kofia yake mpya ya kahawia, kofia ya sherehe, aliyoinunua kwa chuño ya msimu mzima. Aligonga paa mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Zenón alikuja kusimama kilometa tatu mbele, kwa sababu zake mwenyewe, na waliporudi kofia haikuwepo tena. "Sikusikia," alisema. Lakini Fermina hakumwamini hata siku moja, na kila alipoiona kofia ya kahawia kichwani mwa mwanamke mwingine, moyo ulimuuma upya.

Zenón hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Hakuwa akilewa siku za kazi, na hakuwahi kuinua mkono nyumbani kwake. Ila alikuwa ameshika usukani miaka mingi mno, na kila kilichokuwa nyuma ya kiti chake alikiita mzigo.

Mapema Januari Fermina alikohoa damu kidogo kwenye kitambaa, akaenda kituo cha afya. Daktari, msichana aliyetoka mjini, alimsikiliza mgongo kwa muda mrefu.

"Mara ya tatu hii kwa mwaka mmoja, mama, na kifua ni kile kile. Upepo wa nyuma ya gari, basi. Kaa ndani ya kebini, au kaa nyumbani."

Jioni ile alimpa Zenón habari. Zenón alisikitika kweli, alimletea hata blanketi la pili. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayepanga safari:

"Basi utakaa nyumbani. Nitatafuta mtu wa kutuuzia chuño."

"Na kebini?"

"Kebini ni nauli, Mama Delia. Don Wálter mnunuzi wa ng'ombe amelipia kiti kile tangu enzi hizo. Nikuweke wewe pale, halafu kwenye tangi nitie maji?"

Alikuwa na haki, kwa hesabu zake. Fermina alilala akitazama ukuta. Hakuogopa kifua chake kama alivyoogopa kukaa nyumbani. Kijijini Jankohuma yeye alikuwa mke wa Zenón tu. Sokoni alikuwa Fermina wa chuño nyeupe, mwenye kona yake karibu na nguzo ya taa, na wanawake wa mjini walitoka mitaa ya mbali kumtafuta kwa jina lake. Wangemkuta mtu mwingine amekaa pale, wangeuliza mara moja, mara mbili, kisha wangezoea. Hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Wiki hiyo hiyo alikwenda kwa Don Eusebio Laruta, fundi bati, ambaye karakana yake pale El Alto ilikuwa na mlango mmoja na makopo matupu ya mafuta ya kupikia mpaka darini. Kwa makopo hayo alitengeneza malori, mabasi na pikapu ambazo milango yake ilifunguka na usukani ukazunguka. Fermina alimsomea kutoka kichwani yote aliyoagizwa: tairi la akiba, jeki, spana, springi za mabamba saba, bodi ya magunia ishirini, ngao ya chuma mbele, kulabu sita za kamba kila upande, redio, hita, taa za ukungu, rangi nyeupe na mstari wa kijani. Don Eusebio aliandika kwa penseli juu ya ubao wa meza, akilalamika kwamba madereva wa njia ile watamuua na mwaka huu.

"Milango mingapi?" akauliza.

Fermina akapekua kichwani, kuanzia tairi la akiba mpaka mstari wa kijani. Milango haikutajwa. Si kwamba Zenón alisahau. Hakufikiria. Kwake yeye pikapu ina milango miwili kama mtu alivyo na masikio mawili, na hakuna anayekwenda kwa mkunga kuagiza masikio.

"Hakusema," alijibu.

"Sasa mnunuzi ni nani, yeye au wewe? Mimi naandika nini?"

"Minne."

Moyo ulimwenda mbio utadhani ameiba kitu dukani. Don Eusebio aliinua macho.

"Minne bodi inafupika, mama. Bati ni hili hili, siwezi kulivuta. Magunia yako ishirini yatakuwa kumi na mawili."

"Yawe kumi na mawili."

"Mumeo anajua?"

"Mume wangu amesema nikuagizie kila alichokisema. Nimekuagizia."

Fundi alitikisa mabega kwa kicheko. "Na hiyo ya nyuma niichore tu, au ifunguke?"

"Ifunguke," alisema Fermina. "Na ndani uweke kiti."

Siku zote zilizobaki aliishi na siri hiyo kwa shida. Mara mbili alikata kauli kwamba Alhamisi atakwenda kufuta. Alhamisi ikafika, akauza chuño, akarudi bila kufuta.

Siku ya Alasita walishuka mjini na Paloma. Nicanor aliliacha gari lake kijijini, maana siku hiyo La Paz hakuna hata pa kuegesha baiskeli, akapanda mbele pamoja na mgeni mmoja mwenye nauli. Fermina alikuwa nyuma, kajifunika mablanketi mawili, akikohoa. Walipofika El Alto aliteremka akaenda mbio kwa Don Eusebio, akamkuta bado anapaka mstari wa kijani. Kigari kikatoka karakanani saa tano na nusu, kimefungwa kwenye gazeti, rangi mbichi. Alipoufikia uwanja wa soko kule chini zilikuwa zimebaki dakika nne. Zenón alikuwa ameshajishindilia mpaka mbele ya yatiri, yule mama wa kuombea, aliyekaa na chetezo chake cha moshi.

"Umekuja! Tairi la akiba lipo?"

"Lipo."

"Jeki?"

"Ipo, Zenón."

"Springi umehesabu?"

Kengele zikaanza kulia. Mji mzima ulinyanyua vitu vyake juu, nyumba, magari, noti za karatasi, masanduku ya safari yasiyozidi sabuni. Yatiri akalichana gazeti, akakizungusha kigari ndani ya moshi, akakimwagia divai na pombe kali, akakifunika kwa petali na vipande vya karatasi za rangi. Zenón alivua kofia akafumba macho. Midomo ilikuwa inacheza. Fermina naye alifumba macho, naye akaomba, na hakuomba kwa ajili ya mtu mwingine yeyote.

Moshi ulipopungua Zenón alipokea kigari kwa mikono miwili, akaanza kupangusa petali. Akaona tairi la akiba, akatabasamu. Akaona jeki. Akahesabu mabamba ya springi kwa ncha ya ukucha, yakatimia saba, akamwonyesha Nicanor. Kisha akapangusa ubavuni, na tabasamu likaganda.

"Hiki nini?"

"Mlango," Fermina alisema.

"Najua ni mlango! Nauliza unatafuta nini hapa nyuma."

Nicanor alichungulia, akapasuka kwa kicheko. "Kompadre! Umeomba gari la meneja! Utavaa tai au utabaki na poncho?"

Zenón alimgeukia yatiri. "Mama, tuanze upya. Nitaleta jingine sasa hivi."

"Saa sita imepita," alisema yule mama, na tayari alikuwa ameshika duka dogo la mteja mwingine juu ya moshi. "Kilichoombwa kimeombwa. Jingine mwakani."

Hapo Zenón alipoa kabisa. Alikuwa mtu wa kuamini mambo haya, na aliyafahamu masharti yake vizuri kuliko sheria za barabarani. Angeweza kumnunia mkewe mpaka Kwaresima, lakini gari hilo lilikuwa limeshaombwa, pamoja na bodi yake fupi.

"Nani amekwambia milango minne?"

"Wewe hukusema miwili."

"Kuna mtu duniani anasema miwili? Utaniambia pia sikusema iwe na sakafu! Unajua hapa tumepoteza magunia mangapi?"

"Manane. Fundi ameniambia." Kikohozi kilimbana, akangoja kipite. Watu walikuwa wanatazama, na kwa mara ya kwanza hakujali. "Nilitaka mahali pa kukaa, Zenón. Sitaki kubaki nyumbani na kona yangu aikalie mtu mwingine. Nataka kwenda sokoni mpaka miguu inikatae, na nataka kwenda nikiwa ndani."

"Nyuma pana nini? Magunia yanakinga upepo. Miaka kumi na tisa hukusema neno."

"Panda wewe leo."

Alilisema mbele ya Nicanor, na hilo ndilo lililommaliza. Nicanor aliacha kucheka, akawa anamtazama kompadre wake kwa hamu kubwa ya kutaka kujua.

"Nitapanda," Zenón alisema. "Kwani kitu gani? Kompadre, shika usukani."

Wakapakia unga, sukari na mitungi ya gesi, wakaondoka saa nane. Fermina alimpa blanketi, akalikataa. Alimwambia, "Kaa uipe kebini mgongo," Zenón akacheka, akakaa juu ya magunia ametazama mbele kama askari wa gwaride.

Ndani mle kulikuwa kama chumbani. Fermina alihisi hewa ya hita kwenye vifundo vya miguu, ikapanda magotini, na badala ya kufurahi akakasirika. Miaka kumi na tisa joto hili lilikuwa hapa, mkono mmoja tu kutoka kwake, likiwapasha moto wanunuzi wa ng'ombe. Alikipakata kigari mapajani. Nicanor aliwasha kanda ya muziki, akaimba nayo, akiharibu kila ubeti.

Mvua ilianza walipoanza kupanda. Karibu na Apacheta ikawa mvua ya mawe, kubwa kama mbaazi. Fermina alitazama kwenye kioo cha pembeni na kwanza hakuelewa anachokiona. Mkono ulikuwa unainuka na kushuka juu ya kebini. Ulikuwa mkono wa Zenón, na ulikuwa unagonga.

Aliinua uso akaitazama dari nyekundu. Vishada vilikuwa vinacheza. Hakusikia kitu.

"Kompadre, unasikia chochote?"

"Nasikia mvua," alisema Nicanor. "Humu akifa mtu huko nyuma utaambiwa kesho."

Mkono uligonga tena, ngumi sasa, kwa nguvu zote. Hakuna. Sifongo ilikuwa inameza yote, na kilichobaki kilimezwa na injini, mvua na muziki. Kofia ya kahawia ikamrudia Fermina, na vidole vilivyochubuka, na lile "sikusikia" alilolibeba kifuani miaka kumi na moja kama tusi. Kumbe hakusikia kweli. Alimwonea mumewe, na aliona haya. Hata hivyo, haya hiyo haikumharakisha. Aliuacha mkono ugonge kuanzia kwenye msalaba wa kileleni mpaka kwenye kona ya pili ya kuteremkia, ndipo akasema:

"Simama, kompadre. Zenón anaita."

Zenón alikuja dirishani upande wake. Ukingo wa kofia ulijaa barafu, midomo ilikuwa ya buluu, na meno yalimgongana.

"Nimegonga tangu msalabani!"

"Nimekuona."

"Umeniona?"

"Nimekuona kwenye kioo. Kusikia, sikusikia kitu." Kisha akasema lililokuwa limemkaa rohoni. "Hata ile kofia hukusikia."

"Kofia gani?"

"Ya kahawia."

"Si nilikwambia!" Zenón alipiga kelele katikati ya mvua. "Miaka yote nakwambia! Sasa umesadiki?"

"Nimesadiki."

Alifurahi kwa ushindi huo muda wa kuvuta pumzi mbili hivi. Kisha Fermina akaona uso wake unabadilika. Zenón aliitazama dari yake nyekundu, akalitazama paa, akalipiga kwa kiganja, akaingiza kichwa dirishani kusikiliza, akalipiga tena.

"Ulikuwa unagonga mara nyingi?" aliuliza.

"Kila safari."

"Nisiposimama ulikuwa unafanyaje?"

"Nikichoka nanyamaza."

Zenón alisimama pale mawe yakimpiga mabegani mpaka Nicanor akamwambia aingie au afunge dirisha, joto linatoka. Akafungua mlango, akajibana ndani, Fermina akabaki katikati ya wanaume wawili, mmoja mkavu na mmoja anachuruzika maji. Walikwenda hivyo kitambo. Zenón alikichukua kigari mapajani mwa mkewe, akaufungua ule mlango wa nyuma kwa ncha ya kidole, akakichungulia kiti, akaufunga.

"Magunia manane," alinung'unika.

"Manane," Fermina alikubali.

Njia panda, Don Wálter mnunuzi wa ng'ombe alikuwa anangoja chini ya mwavuli, nauli ya mbele mkononi, kama kila wiki. Alikuja moja kwa moja kwenye mlango wake. Zenón alishusha kioo.

"Nyuma, Don Wálter."

"Nyuma? Na mvua hii? Mimi ni wa mbele, Zenón, unanijua."

"Kebini imejaa."

"Imejaa leo, au imejaa vipi?"

Zenón alimtazama mkewe, akakitazama kigari, akafikiri. Fermina aliziona hesabu zikipita usoni mwake, nauli, dizeli, magunia, moja baada ya nyingine, na hakumsaidia.

"Imejaa," alisema Zenón. "Turubai liko upande wa kulia. Kaa uipe kebini mgongo, usijifanye shujaa."

Don Wálter alipanda akitukana kwa adabu. Kabla gari halijaondoka aliinamia dirishani. "Nikitaka kushuka nitagonga mara mbili."

"Usijisumbue kugonga, hatusikii. Tutasimama kila daraja kukuangalia."

Nicanor alitia gia. Mvua ya mawe ilikuwa imebadilika kuwa mvua ya kawaida, na chini bondeni taa za kwanza za Jankohuma zilianza kuonekana. Zenón alivua kofia yake iliyolowa akaiweka karibu na hita.

"Alhamisi una magunia mangapi ya chuño?" aliuliza, bila kumtazama.

"Matano," Fermina alisema.

"Tutaondoka alfajiri, basi. Vaa soksi nzito, hita hii inachelewa kupata moto."

Fermina alikuwa anatazama barabara, kwa sababu mtu wa mbele anaiona barabara kabla haijafika.

"Daraja," alisema, na Nicanor akasimama.